MREJESHO: Kamera za apatimenti Nyegezi

Wakuu nimerudi. Niliuliza nifunge kamera za waifai au za waya kwenye apatimenti zetu hapa Nyegezi, Mwanza, wengi mkasema waya, nikafunga 8 za PoE, yaani waya mmoja unabeba umeme na picha, kwa hiyo umeme ukikatika ile UPS (betri ya akiba) mliyonisisitizia inashika rekoda na kamera zote. Wiki ya pili tu tukamnasa mnyonya mafuta ya bodaboda, sura kabisa! Nilipofeli ni upande wa ziwani, usiku infraredi, yaani taa ya kamera ya kuonea gizani, inavuta wadudu, buibui nao wanatanda utando kwenye lenzi, asubuhi unaona ukungu mweupe tu. Aliyeshauri taa hiyo ikae mbali na kamera, imepunguza tatizo, ila fagio bado ninalo kila Jumamosi. Asanteni sana.