Mawaziri wa kaunti: tuangalie kazi walizofanya au maeneo wanakotoka?

MLETA MADA (Lanet, Nakuru)

Wenzangu, kila baada ya uchaguzi hapa Kenya tunajadili wasifu wa gavana mpaka koo zinakauka. Orodha ya mawaziri wake ikitoka, swali linabaki moja: "Wetu yumo?" Naleta mada hii kwa sababu naona tumeyageuza mambo. Msimamo wangu ni kwamba kazi aliyoifanya mtu kabla ya cheo ina uzito zaidi kwa waziri wa kaunti na afisa mkuu wa idara kuliko kwa gavana mwenyewe.

Watazameni magavana. Hapa Nakuru tumekuwa na watatu tangu 2013. Kinuthia Mbugua alitoka kwenye ukamanda wa Polisi wa Utawala. Lee Kinyanjui alikuwa amepitia bungeni na uenyekiti wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Susan Kihika ni wakili aliyewahi kuendesha mashtaka Dallas, Marekani, akarudi kuwa spika wa kwanza wa bunge letu la kaunti, kisha seneta. Wawili wa kwanza hatukuwapa muhula wa pili. Kisumu walianza na Jack Ranguma, kamishna wa zamani wa KRA, mamlaka ya kodi, naye akaondoka baada ya miaka mitano. Akaja Profesa Anyang' Nyong'o, msomi wa siasa aliyekuwa waziri wa Mipango na baadaye wa Huduma za Matibabu, naye akachaguliwa mara mbili. Vihiga walitoka kwa mchungaji, Moses Akaranga, wakaenda kwa mwanasayansi wa mazingira, Wilber Ottichilo. Busia wana daktari wa mifugo, Paul Otuoma. Kakamega wana Fernandes Barasa, aliyesimamia KETRACO, kampuni ya umma ya kusafirisha umeme. George Natembeya wa Trans Nzoia tulimjua hapa hapa Nakuru akiwa kamishna wa eneo la Bonde la Ufa.

Kamanda, mtoza kodi, profesa, mchungaji, daktari wa mifugo. Nimejaribu kutafuta taaluma inayozaa gavana bora na sijaiona. Ndiyo maana siungi mkono wale wanaotaka sheria idai uzoefu fulani kwa gavana. Inadai shahada tu, ya somo lolote, na kazi iliyobaki ni ya mpiga kura.

Kwa waziri wa kaunti mambo ni tofauti kabisa. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinataka awe na shahada, na juu yake ujuzi na utendaji uliotukuka wa miaka isiyopungua 5 katika fani inayohusu idara anayopewa. Someni tena: inayohusu idara anayopewa. Waziri wa afya ajue dawa zinavyoagizwa na kwa nini zinachelewa. Waziri wa maji ajue bomba lililochakaa linamwaga maji kiasi gani kabla hayajafika mtaani Kaptembwo. Huyu hatukumpigia kura, wala hatuwezi kumwondoa kwa kura. Ulinzi wetu pekee ni hiyo miaka 5 na kikao cha kumpiga msasa katika bunge la kaunti.

Na kikao hicho tunakijua. Mteuliwa anaulizwa anatoka wadi gani na ana mpango gani kwa vijana, kisha anapongezwa. Hesabu za siasa nazo hazikubali hata zikilazimishwa: Nakuru ina maeneo bunge 11, Kakamega 12, na Katiba inaruhusu mawaziri 10 tu. Ukigawa vyeo kwa eneo bunge, lazima kuna watu watalala njaa, na hata walioshiba wamepata jina tu la mtu wao ofisini. Zahanati imebaki vile vile.

MCHANGIAJI WA MOLO

Ndugu yangu, nakuheshimu, lakini hapo kwa "wetu yumo" umepita haraka mno. Sisi wa Molo tumeona ghasia za uchaguzi za 1992, tukaona 1997, tukaona 2007 kuingia 2008. Watu walichomewa nyumba na majirani waliokuwa wakinywa nao chai. Katika mahali kama hapa, jina la mtu wa jamii yako kwenye baraza la gavana linamwambia mama mwenye duka dogo kwamba hii ni kaunti yake pia, kwamba hakuna atakayemwambia arudi "kwao". Usiliite hilo njaa ya vyeo.

Tena kifungu hicho hicho cha 35 unachokisifu, kabla hakijafika kwenye miaka 5, kinamtaka gavana ahakikishe baraza lake linaonyesha jamii na tamaduni mbalimbali za kaunti. Kimeanza na hilo. Mimi nikilazimishwa kuchagua kati ya mhandisi hodari na amani, nitachukua amani, na maji nitachota mtoni.

MCHANGIAJI WA KONDELE, KISUMU

Naongeza upande wa vijana. Miaka 5 ya "utendaji uliotukuka" anaipata wapi aliyemaliza chuo Maseno na tangu hapo anafanya vibarua? Mkikaza sheria hii mnawafungulia mlango wastaafu tu. Na msisahau historia ya jiji letu. Mama Grace Onyango alikuwa mwalimu kabla ya kuwa meya wa Kisumu mwaka 1965, mwanamke wa kwanza Kenya kushika kiti hicho, na 1969 akaingia bungeni. Nani angemtafutia miaka 5 ya usimamizi wa manispaa?

Lakini kwa Nyong'o ninakubali kwamba alikotoka kulimsaidia. Desemba 2018 mpango wa majaribio wa afya kwa wote ulipozinduliwa, ulizinduliwa hapa Kisumu, na kaunti zilikuwa nne tu: Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Mtu aliyewahi kukaa wizarani anajua mlango wa kubisha.

MLETA MADA

Wa Molo, nimekusoma mara mbili, na sitaki mtu yeyote achague kati ya amani na maji. Sheria haikutulazimisha kuchagua. Masharti yote mawili yamo katika kifungu kimoja, na waziri anatakiwa kuyapita yote mawili. Tena kimetaja jamii na tamaduni, hakikutaja maeneo bunge. Ninachokipinga ni kutumia jamii yako kama kisingizio cha kukuletea mpiga kampeni asiye na ujuzi, ukaambiwa ushukuru. Hiyo nayo ni dharau. Hakuna jamii hata moja ya Nakuru, kuanzia Kuresoi hadi Naivasha, isiyo na mhasibu, daktari wa mifugo, muuguzi mkuu au mhandisi aliyefanya kazi miaka 5. Gavana akisema hakumpata, basi hakumtafuta.

Wa Kondele, Mama Grace alichaguliwa. Hapo ndipo penye mpaka wangu. Anayechaguliwa, achujwe na wapiga kura kwa kipimo wanachotaka. Kijana akitaka udiwani, ugavana, useneta, namuunga mkono. Nafasi ya kuteuliwa inayoamua matumizi ya mamilioni si mahali pa mtu kuanzia kazi. Aanze chini katika idara hiyo hiyo, apande.

MCHANGIAJI WA WEBUYE

Mnazungumza kana kwamba uzoefu daima ni jambo jema. Bungoma tuna jina nchi nzima kwa wilibaro 10 zilizonunuliwa kwa shilingi 109,320 kila moja mwaka 2015, na maafisa wa kaunti wakafikishwa mahakamani. Ununuzi ule ulipita kwenye karatasi na sahihi za ofisi, haukutoka kwenye jukwaa la siasa. Kuna uzoefu wa kujua kazi, na kuna uzoefu wa kujua mianya.

Kwa hiyo mimi nataka tusiishie kwenye "alikuwa meneja, alikuwa mkurugenzi". Alikokuwa meneja, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alisema nini? Ripoti zake ni za umma. Na mtazameni sana afisa mkuu wa idara, kwa sababu yeye ndiye huidhinisha malipo na ndiye hujibu maswali ya ukaguzi. Sheria inataka nafasi yake itangazwe, bodi ya utumishi wa umma ya kaunti iwashindanishe waombaji, ndipo gavana ateue na bunge liidhinishe. Mjadala wetu wote uko kwa mawaziri, na huyu anapita kimya kimya.

MLETA MADA

Hapo kwa afisa mkuu umenishika mkono. Kama nguvu zetu ni chache, tuzielekeze huko kwanza.

MCHANGIAJI WA MBALE, VIHIGA

Mimi ni mwalimu, na nimewafuata kimya tangu mwanzo. Nakubaliana na wa Webuye, na sheria ndugu wa Molo aliyotukumbusha naiunga mkono kwa moyo wote. Ila mmesahau kusema mwananchi afanye nini. Kuna Sheria ya 2017 ya mabunge ya kaunti kuidhinisha uteuzi. Inampa mtu yeyote nafasi ya kupeleka kwa karani wa bunge hati ya kiapo inayoeleza kwa nini mteuliwa hafai, kabla ya kikao. Iwe na ushahidi. Malalamiko matupu hayatasaidia. Na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi lako, kwa hiyo maswali kuhusu kazi alizowahi kufanya mtu katika taasisi ya umma yatumwe mapema, orodha ikiwa bado ni uvumi.

Uchaguzi ni Agosti 2027 na majina hutoka majuma machache baadaye. Hapa Mbale tuko walimu na wauguzi kadhaa tulio tayari kusoma ripoti za ukaguzi na kuandika hizo hati. Tunachokosa ni wakili wa kushuhudia viapo bila malipo. Anayemjua mmoja kati ya Luanda na Chavakali, aniandikie.