Tupeane uzoefu: aspirini ndogo wakati wa ujauzito

Wenzangu, niko Busia, upande wa Uganda. Mimba yangu ya kwanza iliishia wiki ya 31. Uso ulivimba, pete ikagoma kutoka kidoleni, kichwa kiliniuma siku mbili nikadhani malaria. Kituoni nesi alichovya kijiti kwenye mkojo wangu, kikageuka kutoka manjano kuwa kijani, yaani mkojo ulikuwa na protini. Presha 170 kwa 115. Zilikuwa dalili za kifafa cha mimba. Nilichomwa magnesiamu nisipate degedege, nikazalishwa. Mwanangu aliishi siku nne.

Mimba ya pili nilikwenda kliniki wiki ya 11 na kumweleza mkunga yote. Ili hali ile isijirudie, daktari aliniandikia aspirini ya miligramu 75, kila usiku baada ya kula, kuanzia wiki ya 12. Alinieleza kwamba kondo hujijengea njia zake za damu mapema, na dawa hii huzuia chembe za damu kugandamana hapo, ndiyo maana ukichelewa faida inapungua. Shirika la Afya Duniani husema ianze kabla ya wiki ya 20. Nilijifungua wiki ya 38. Binti yangu sasa ana miaka mitatu.

Nyie mlianza lini? Nyumbani walisemaje?

Mama Pacha, Arua:
Pole sana dada. Mimi niliandikiwa kwa sababu ya mapacha na presha niliyokuwa nayo tangu zamani. Mama mkwe alikuta pakiti chini ya mto, akalia kweli, akisema aspirini inatoa mimba. Sikubishana naye. Kliniki iliyofuata nilienda naye, mkunga akamweleza kwa Kilugbara. Tangu siku hiyo, saa tatu usiku yeye ndiye ananiletea maji ya kumezea.

Wa Kasese:
Kwangu hakuna aliyeniuliza mimba ya kwanza iliishaje. Foleni ndefu, kadi inagongwa muhuri, unatoka. Nilianza wiki ya 24 nilipokutana na daktari mwingine. Presha ilipanda hata hivyo wiki ya 35, nikapasuliwa. Mtoto mzima, namshukuru Mungu. Kwa hiyo ukimeza dawa usiache kupimwa presha na mkojo.

Mkunga, Jinja:
Nawaomba sana, msijinunulie. Dukani mtapewa ya miligramu 300, mtaanza kuikata kwa wembe, leo kipande kikubwa kesho kidogo. Mwenye vidonda vya tumbo, au pumu inayochokozwa na aspirini, aseme kabla. Tunaowatazama zaidi ni waliowahi kupata kifafa cha mimba au dalili zake, wenye presha, kisukari au ugonjwa wa figo, na wenye mapacha. Na kichwa kikiuma bila kuacha, macho yakiona ukungu, au maumivu chini ya mbavu za kulia, panda boda saa hiyo hiyo. Usingoje asubuhi.

Mgeni, Mbale:
Niko wiki ya 14. Mimba iliyopita nilipata kifafa cha mimba. Kliniki yangu imepangwa mwezi ujao. Nisubiri?

Wa Busia:
Usisubiri, dada. Nenda kesho, beba kadi ya zamani na karatasi uliyopewa ulipotoka hospitali. Ukifika dirishani, kabla hawajakuuliza lolote, anza na hilo la kifafa. Jioni tuambie walisemaje, nitakuwa hapa.