Darasa la 4 wamewapita Kidato cha 2 kwenye vitendo, naombeni ushauri

Mwl_Kiwani: Asalamu alaykum. Nafundisha sayansi skuli moja huku Pemba. Mkuu kataka nipime ustadi wa vitendo darasa la 4, la 6 na Kidato cha 2 kwa kazi moja, aone watoto wanavyopanda. Nikachagua jiwe na uzi: ning'iniza, bembeza mara 10, andika sekunde. Sasa la 4 wamewapita Kidato cha 2 mbali! Matokeo yanatakiwa Alkhamisi. Usingizi sina.

Ubani: La 4 hawajajua uvivu bado. Sie enzi zetu Wete maabara ilikuwepo, funguo ndo haikuwepo.

Bi_Mapopo: Mwalimu, uliwaona wakifanya, au ulisoma walichoandika? Mie kazi huwa ileile, swali ndo linapanda. La 4 ahesabu na aandike kizio. La 6 afupishe uzi, jiwe asibadili, arudie mara 3. Kidato achore grafu, kisha abadili jiwe lije zito aone kama muda unabadilika. Nami nimesimama pembeni na karatasi yangu, natazama mikono.

Mwl_Kiwani: La 4 niliwaona.

Bi_Mapopo: Na Kidato?

Mwl_Kiwani: Kidato wako 94, na simu ya kupimia muda ni yangu tu. Walifanya wa benchi la mbele, waliobaki nikasahihisha madaftari. Mlitaka wakeshe skuli? Na alama nshazijaza, kwa wino.

Ubani: 94 kwa jiwe moja! Foleni ya sukari ya Ramadhani hiyo.

Mama_Zuu: Alama ni amana mwalimu, utakuja kuulizwa. Wangu alileta 9 ya vitendo nyumbani. Mdogo wake kashikwa na homa usiku, nampa kipimajoto anisomee, anakigeuza tu kama msuaki. Nikaenda kugonga kwa jirani.

Mwl_Kiwani: Mama, mie sikumpa mtu alama ya bure. Kila nilichotia nimekihesabu.

Mzee_Mizani: Uzi ulikuwa na urefu gani? Na la 4 walipata sekunde ngapi?

Mwl_Kiwani: Mita 1 kamili. Karibu wote 10, wachache 11.

Mzee_Mizani: Basi umetunga. Uzi wa mita 1, jiwe likienda na kurudi ni kama sekunde 2. Mara 10 ni 20. Ukipata 10, uzi wako ni sentimita 25. Hukupima mtoto hata mmoja, umekaa barazani ukabuni.

Ubani: Kumbe chai! Leteni mofa.

Mama_Zuu: Nami nshamwaga siri za nyumba yangu humu.

Mwl_Kiwani: Wallahi sikutunga! Simu nimeshika mwenyewe, uzi nimekata kwa rula ya ubaoni. Watoto wanahesabu kwa sauti, mie nasikiliza. Likienda moja, likirudi mbili, likienda tatu...

Mzee_Mizani: Astaghafirullah. Kwenda na kurudi ndo moja, yakhe.

Bi_Mapopo: Nani aliwafundisha kuhesabu hivyo?

Bi_Mapopo: Mwalimu?

Mwl_Kiwani: Nipo.

Bi_Mapopo: Na Kidato cha 2 waliandika ngapi?

Mwl_Kiwani: 20. Niliwakata wote.