Ushauri: Nataka mtandao wa neva uongoze ndege ndogo aileroni ikikwama, msimamizi anakataa

Mwanafunzi_Anga: Wakuu, niko mwaka wa mwisho uhandisi. Projekti yangu ni ndege ndogo isiyo na rubani: aileroni moja (kile kibawa kinachosogea nyuma ya bawa na kuilaza ndege upande) ikikwama hewani, mtandao wa neva, yaani programu ya akili mnemba inayojifunza kutokana na data, ujifunze hapo hapo na kuituliza ndege. Msimamizi anataka PID tupu, yaani kanuni ya kawaida ya kusahihisha kosa kwa viwango vilivyopangwa mapema; anasema mtandao wa neva huwezi kuuthibitisha kuwa ni salama. Mimi naona PID iliyopangwa kwa ndege nzima haitaimudu ndege mbovu. Nimsikilize au nishikilie langu?

Fundi_Mitambo: Unganisha yote mawili, mkuu. NASA walilifanya hilo kule Edwards, California, kwa ndege ya kivita F-15 namba 837. Sheria za kawaida za uongozaji zilibaki, mtandao wa neva ukaongeza masahihisho juu yake. Wakaigiza bawa la mkia lililokwama ndege ikiwa angani. Kwako, PID ibaki chini, mtandao upewe sehemu ndogo tu ya mwendo wa aileroni, na swichi ya kuuzima iwe kwenye rimoti.

Mzee_wa_Karakana: Kijana, msimamizi wako ana hoja nzito. X-15, ndege ya majaribio ya Marekani iliyotumia injini ya roketi, ilikuwa na mfumo wa kujirekebisha, ingawa haukuwa wa neva. Tarehe 15 Novemba 1967 mfumo ule uliingia kwenye mtikisiko, ukashindwa kupunguza ukali wa amri zake, ndege ikakatika hewani. Rubani Michael Adams alifariki. Mwonyeshe msimamizi utakavyougundua mtikisiko wa namna hiyo na kuukata mapema, atakusikiliza.

Dada_Rubani: Na vihisi je? MCAS, mfumo wa Boeing 737 MAX uliokuwa unashusha pua ya ndege wenyewe, haikuwa akili mnemba, lakini iliamini kihisi kimoja cha pembe ya bawa na upepo. Kihisi kikakosea, na ndege ya Ethiopian 302 iliyokuwa inakwenda Nairobi ikaanguka 10 Machi 2019, watu 157 wakafariki. Mtandao unaojifunza kutoka kwenye kihisi kibovu utajifunza uongo, tena haraka. Weka viwili na uvilinganishe.

Mwanafunzi_Anga: Asanteni sana, hilo la vihisi sikuwa nimelifikiria kabisa. Naweza kurusha moja kwa moja uwanjani chuoni?

Fundi_Mitambo: Hapana, ndugu. Anza na JSBSim, programu ya kuigiza mwendo wa ndege kwenye kompyuta, ni ya bure. Kwamisha aileroni katika kasi tofauti, ongeza upepo wa pembeni, uone inaanguka wapi. Kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, kiombe sasa hivi, wakati unaendelea na majaribio ya kompyuta.