Mrejesho: betri ya mashine ya kufyonza makohozi

Wakuu, niliuliza kwa nini mashine yetu inazima kila mota inapoanza kwa betri. Asanteni sana. Aliyesema nipime umeme wa kuanzia, si wa kawaida tu, ndiye aliyenitoa gizani: mota ikizunguka inavuta ampea 3, ikianza 11, na saketi ya ulinzi ya betri ilikuwa inakata kwenye 10! Tumeagiza pakiti ya lithiamu, seli 4, volti 12.8, ulinzi wa ampea 20. Haizimi tena.

Nilipokosea ni kubaki na chaja ya betri ya asidi, ingawa mlinionya. Inaishia volti 13.8 wakati pakiti inataka 14.6, kwa hiyo seli hazisawazishwi (hazifikishwi chaji sawa). Pawasapulai ya matumizi ya viwandani nimeiacha, haina cheti cha IEC 60601-1 (kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa vya umeme vya kitabibu). Ya kitabibu bado tunaisubiri.