Gumzo la Familia: Juma, Rasta Zake na Uenyekiti wa Mtaa

Shangazi Mwajuma: Assalaam alaikum wapendwa wote. Nimesikia jambo huko sokoni na ninapenda nilithibitishe hapa kwa mhusika mwenyewe. Je, ni kweli kwamba Juma anakusudia kugombea uenyekiti wa mtaa mwaka 2029, pamoja na rasta zake zile zinazofika mgongoni?

Juma: Waalaikum salaam, na shikamoo Shangazi. Ni kweli. Nilitaka kumweleza Baba Mkubwa kwanza, lakini habari imenitangulia.

Baba Mkubwa: Marahaba kwa niaba ya Shangazi yako, na mimi pia sijachelewa kujua. Kijana wangu, sina shaka na bidii yako, kwani kila mtu hapa Mabibo anajua kwamba ni wewe na mafundi wenzako mliozibua mtaro kabla ya masika wakati wengine tulikuwa tunalaumu halmashauri. Hata hivyo, mwenyekiti wa mtaa ndiye anayewaandikia watu barua za utambulisho, ndiye anayeitwa kushuhudia mauzo ya nyumba, na ndiye anayesuluhisha ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji usiku wa manane. Wazee wanataka kumwona mtu wa namna fulani akiwa nyuma ya muhuri ule, na fundi pikipiki mwenye rasta si mtu huyo machoni pao.

Mjomba Saidi: Kaka, wazee unaowasema ni wewe na wenzako watatu wa pale kwenye bao.

Dada Zuhura: Shikamooni wazee wangu. Naomba niingie, kwa kuwa nilisoma Minneapolis katika jimbo la Minnesota kule Marekani, na suala hili nililiona kwa macho yangu. Nilikaa jirani na yale maghorofa ya Riverside Plaza yenye vibao vya rangi rangi, ambako Wasomali ni wengi kiasi kwamba kwenye lifti unasikia Kisomali kabla ya Kiingereza. Mwaka 2013, kata ya pale, Kata ya 6, ilimchagua Abdi Warsame kuwa diwani wa jiji. Ni Msomali aliyekulia London, na alimshinda diwani aliyekuwa madarakani. Miaka michache nyuma yake ungeambiwa kwamba mji wa watu wenye asili ya Skandinavia hauwezi kumpa udiwani mkimbizi Mwislamu, ungekubali bila kubisha.

Baba Mkubwa: Zuhura mwanangu, hapo umejibu mwenyewe. Wasomali wamempigia kura Msomali mwenzao. Huo si uvumilivu, ni hesabu.

Dada Zuhura: Hesabu ipo, Baba Mkubwa, na sitaificha. Kila baada ya sensa ya miaka kumi, jiji huchora upya mipaka ya kata zake 13. Baada ya sensa ya 2010, Warsame na wenzake walihudhuria vikao vya tume inayochora mipaka wakiwa na ramani yao mkononi, wakadai kwamba jamii ya Wasomali isikatwe vipande ikagawiwa kata mbalimbali. Ramani iliyopita mwaka 2012 iliwasikiliza kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo ushindi wa 2013 ulianza katika vikao ambavyo watu wengi huona ni vya kuchosha. Hata kabla yake kulikuwa na Hussein Samatar, Msomali aliyechaguliwa mwaka 2010 kuingia bodi ya shule za jiji, nafasi ambayo haina ving'ora wala walinzi. Watu wakazoea kuona jina la Kisomali kwenye karatasi ya kura, likashughulikia madawati na vitabu, na dunia haikuisha.

Lakini kuna mfano ambao hesabu ya kabila haiuelezi. Mwaka 2017, Kata ya 8 ilimchagua Andrea Jenkins. Ni mwanamke mweusi, mshairi, na ni mtu aliyebadili jinsia, yaani alizaliwa akahesabiwa mwanamume. Alipata zaidi ya asilimia 70 ya kura, na mwaka 2022 madiwani wenzake wakamchagua kuwa rais wa baraza la jiji. Hakuna kata duniani ambayo watu kama yeye ni wengi kiasi cha kumchagua peke yao.

Shangazi Mwajuma: Subhanallah. Zuhura, humu ndani kuna watoto.

Baba Mkubwa: Mwache amalizie, Mwajuma. Mimi na dini yangu nina maoni yangu juu ya jambo hilo na siyabadilishi kwa sababu ya kura za Wamarekani. Ninachotaka kujua ni kitu kimoja: wale asilimia 70 waliona nini kwake? Sidhani kama wote walikuwa wakimpigania kwa jinsi alivyo.

Dada Zuhura: Hilo ndilo swali lenyewe, Baba Mkubwa, nami nitakujibu kwa nilichokiona. Jenkins hakutokea angani siku ya kampeni. Alifanya kazi kwa takriban miaka 12 kama msaidizi katika ofisi za madiwani. Ukimwona msaidizi wa diwani kule, umemwona mtendaji wa mtaa wetu hapa: ni yeye anayepokea simu ya bibi ambaye theluji imeufukia mlango wake, ya mzazi anayelalamikia taa za barabarani, na ya mwenye duka ambaye kibali chake kimekwama. Diwani aliyekuwapo alipotangaza kwamba hagombei tena, wakazi wengi walikuwa tayari wameshasaidiwa na huyu mtu kwa jina lake. Waliokuwa na mashaka juu ya maisha yake walikuwa na mtaro uliozibuliwa wa kuwajibu.

Juma: Dada Zuhura, hapo kwenye mtaro umenigusa.

Mjomba Saidi: Nami niongeze la kwangu, kwa kuwa Minnesota hiyo hiyo ndiyo iliyotupatia Jesse Ventura, yule mcheza mieleka ambaye sisi wa vibanda vya video tulimjua akiwa amebeba bunduki kubwa kuliko yeye. Huyu alianza kama meya wa mji mdogo wa Brooklyn Park, akaingia ofisini mwaka 1991, na kilichomsukuma ni mgogoro wa maji ya mvua na ardhioevu iliyokuwa karibu na kwake, ambayo wakubwa wa mji walitaka ijengwe. Mwaka 1998 akachaguliwa kuwa gavana wa jimbo zima kwa takriban asilimia 37 ya kura, akiwaacha wagombea wa vyama vyote viwili vikubwa. Watu walimcheka hadi usiku wa matokeo.

Shangazi Mwajuma: Asilimia 37 tu na mtu anakuwa gavana? Basi walio wengi hawakumtaka.

Dada Zuhura: Ni kweli, Shangazi, kwa kuwa kura ziligawanyika katika sehemu tatu. Jiji la Minneapolis limeweka utaratibu mwingine kwa ajili ya tatizo hilo. Wapiga kura waliupitisha mwaka 2006 na ukaanza kutumika mwaka 2009. Mpiga kura hapigi tiki moja tu, bali anataja chaguo la kwanza, la pili na la tatu. Ikiwa hakuna aliyepita nusu, wa mwisho anaondolewa na kura zake zinahamia kwa chaguo la pili la wale waliompigia, na hesabu inaendelea hivyo hivyo. Faida yake kwa mgombea asiye wa kawaida ni kubwa mno, kwa sababu hakuna anayeweza kukutisha kwamba ukimpigia huyo unapoteza kura yako. Na mgombea naye hawezi kuwatukana wafuasi wa mwenzake, maana anahitaji kuwa chaguo lao la pili.

Jambo lingine ni kwamba kule mtu anaweza kujiandikisha kituoni siku ile ile ya kupiga kura, na utaratibu huo Minnesota wanao tangu miaka ya 1970. Kijana aliyekuja kuvutiwa na mgombea wiki ya mwisho bado ana nafasi.

Mjomba Saidi: Hapa kwetu daftari la mtaa la mwaka 2024 lilifunguliwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba, na kura ikapigwa tarehe 27 Novemba. Vijana wangapi wa Juma walikuwa wamelala wakati daftari linafungwa?

Juma: Mjomba, wengi mno. Pale kwenye kijiwe chetu waliojiandikisha walikuwa wachache, nao walisukumwa na mama zao.

Baba Mkubwa: Sasa niulize kuhusu fujo. Mlango ukiwa wazi namna hiyo, si kila kichaa ataingia?

Dada Zuhura: Wanaingia, Baba Mkubwa. Mwaka 2013 wagombea umeya wa Minneapolis walikuwa 35, kwa kuwa ada ya fomu ilikuwa dola 20 tu. Mmoja wao alikuwa amebadilisha jina lake kisheria kuwa Captain Jack Sparrow. Kuhesabu kura kulichukua siku kadhaa, na mwaka uliofuata wapiga kura wakakubali ada ipande hadi dola 500. Jack Sparrow hakushinda. Waliotaka kuchekesha walichekesha, kisha wananchi wakamchagua Betsy Hodges, ambaye alikuwa diwani tayari.

Wala sisemi kwamba kule ni peponi. Mapema mwaka 2014 mkutano wa chama katika mtaa ule ule wa Wasomali uliishia kwa ngumi, na mmoja wa walioumizwa alikuwa Ilhan Omar, mwanamke aliyeishi utotoni miaka takriban minne katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya. Mwaka 2016 alimwangusha mbunge wa bunge la jimbo la Minnesota aliyekuwa amekaa kwenye kiti miaka 44. Ukumbi uliopiganiwa, kwa taarifa yenu, una jina la Brian Coyle, diwani wa miaka ya 1980 aliyekuwa shoga wa wazi. Wazee wa Kisomali wenye misbaha wanafanya vikao vyao humo kila siku, wanajua ni jina la nani, na sikumsikia yeyote akidai libadilishwe. Hilo lilinishangaza kuliko matokeo yoyote ya uchaguzi. Hawakukubaliana naye katika mambo ya dini. Walikubaliana tu kwamba ukumbi ni wa wote.

Sheria nayo ilitangulia. Minneapolis ilizuia ubaguzi dhidi ya waliobadili jinsia mwaka 1975, na jimbo zima likafuata mwaka 1993 kwa juhudi za seneta Allan Spear. Kwa hiyo Jenkins alipogombea mwaka 2017, kazi ya kubishana kama ana haki ya kuwapo ilikuwa imeshafanywa na wengine zamani.

Shangazi Mwajuma: Mimi nitarudi nyumbani Tanzania, kwa sababu mnazungumza kana kwamba sisi hatujawahi kuthubutu. Mwaka 2010 Lindi Mjini ilimchagua Salum Barwany kwa tiketi ya CUF, mtu mwenye ualbino wa kwanza kuchaguliwa mbunge kwa kura za jimbo nchini. Kumbukeni miaka ile ilivyokuwa, watu wenye ualbino wanawindwa na kukatwa viungo, na watu wa Lindi wakasimama foleni wakamchagua. Jamaa zetu wa Lindi walisema hivi hivi anavyosema Zuhura, kwamba walimjua kabla ya uchaguzi.

Mjomba Saidi: Na mwaka huo huo Mbeya Mjini wakamchagua Sugu, kisha mwaka 2015 Mikumi wakamchagua Profesa Jay. Wana hip hop hao, na wazee wa Mikumi hawakufa.

Baba Mkubwa: Nakubali yote hayo. Ila wote mliowataja wa hapa walipita kwenye chama. Huko Minnesota Ventura hakuhitaji baraka za wakubwa wa vyama viwili. Hapa mgombea binafsi hayupo. Mchungaji Mtikila alihangaika na kesi hiyo tangu miaka ya 1990. Mahakama Kuu ikampa haki mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2010, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikasema kwamba katazo linakiuka haki zake. Amefariki mwaka 2015 na katazo liko pale pale. Hata uenyekiti wa mtaa ni lazima udhaminiwe na chama. Kwa hiyo Juma, kabla wazee wa bao hawajaziona rasta zako, zitaonwa na kamati ya siasa ya tawi, na pale hapapigwi kura ya chaguo la pili.

Mjomba Saidi: Na ukivuka kamati, kuna fomu. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa kuambiwa wamekosea kujaza, hata baadhi ya vyama vikajitoa. Fomu yako ijazwe na mwalimu.

Baba Mkubwa: Nitaijaza mimi.

Shangazi Mwajuma: Alhamdulillah, jamani, Kaka amelainika!

Baba Mkubwa: Sijalainika. Nimesema nitajaza fomu, sijasema nitampigia kura. Juma, uenyekiti bado uko mbali. Nenda kwa mtendaji ukaulize kamati za mtaa zinazohitaji watu, hasa ya mazingira na ile ya ulinzi shirikishi, uanze huko kama yule wa bodi ya shule. Ukikaa humo miaka mitatu ukiitwa kila mtaro unapoziba na kila mwizi anapokamatwa, tutazungumza.

Juma: Nimekuelewa, Baba Mkubwa. Jumatatu nitafunga kibanda mapema niende ofisini kwa mtendaji. Kuhusu rasta, sizikati.

Shangazi Mwajuma: Angalau uzifunge ukienda kwenye vikao, mwanangu. Nitakupa kitambaa.

Juma: Hilo nalikubali, Shangazi. Sasa swali langu la mwisho: nichukue kadi ya chama gani?

Mjomba Saidi: Hilo tusilijadili humu, kwa kuwa kikundi hiki kina watu wa kila rangi na harusi ya Mwanaidi ni mwezi ujao. Nipigie simu.