Tupeane uzoefu: nani alikusaidia kasino ya mtandaoni ilipokataa kukulipa?

Mzizima (Leicester)

Wanajamvi, habari za wakati huu. Naomba tukusanye hapa simulizi za waliowahi kupeleka malalamiko dhidi ya kasino ya mtandaoni kwa chombo chochote kinachomtetea mchezaji, awe msuluhishi, mdhibiti wa serikali au tovuti ya upatanishi. Mbinu za kushinda na viungo vya kujiunga visiletwe katika uzi huu.

Naanza na yangu. Kasino yenye leseni ya Uingereza ilizuia ushindi wangu kwa hoja kwamba niliweka dau kubwa kuliko lililoruhusiwa wakati bonasi, yaani fedha za ziada ambazo kasino humpa mchezaji, ikiendelea kutumika. Wengi hukimbilia Tume ya Kamari ya Uingereza, ilhali Tume haiamui mgogoro wa mchezaji mmoja mmoja wala haimrudishii mtu fedha. Kazi yake ni kutoa leseni na kuadhibu kampuni zinazovunja masharti. Utaratibu ni kuilalamikia kampuni kwanza, nayo ina wiki nane za kutoa jibu la mwisho, ndipo uende kwa msuluhishi huru ambaye kampuni inalazimika kukutajia. Wanaojulikana zaidi ni IBAS, iliyoanzishwa mwaka 1998, na eCOGRA ya mwaka 2003, na mchezaji hatozwi chochote. Msuluhishi wa shauri langu alitaka kujua jambo moja tu: kikomo hicho cha dau kilionekana wapi kabla sijaikubali bonasi? Picha ya skrini niliyoihifadhi siku ya kujiunga ilionyesha kwamba hakikuwepo, nami nikalipwa.

Bi Tumbatu (Dar es Salaam)

Ahsante kwa uzi huu, ndugu Mzizima. Kwetu Tanzania kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kampuni niliyokuwa nikicheza kwayo ilikuwa na leseni ya hapa nchini, lakini kila nilipoomba kutoa fedha kwenda kwenye simu nilijibiwa kwamba uhakiki unaendelea. Niliiandikia Bodi nikaambatanisha ujumbe wa miamala na namba ya leseni ya kampuni, nakala nikaipeleka kwa kampuni yenyewe. Kampuni ndiyo iliyonipigia simu, tena kwa heshima ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwao. Sidhani kwamba ni ufundi wa barua yangu uliowatisha. Waliogopa kwa sababu wana kitu cha kunyang'anywa.

Pwani Moja (Mombasa)

Bi Tumbatu amegusa penyewe. Kasino iliyonizungusha mimi ilikuwa na nembo ya leseni ya ng'ambo chini ya ukurasa, lakini nembo hiyo ilikuwa picha tupu: ukiibofya haikupeleki popote, na jina la kampuni halimo katika orodha ya mdhibiti mwenyewe. Nilipeleka shauri kwa tovuti moja ya upatanishi, na niseme kwa haki kwamba walinijibu kwa utaratibu mzuri, wakaiandikia kasino mara kwa mara, kisha wakafunga shauri wakieleza kwamba kasino haikujibu. Fedha sikuzipata. Baada ya hapo nikaanza kupokea ujumbe wa watu wanaojiita maofisa wa ulinzi wa wachezaji, wakiahidi kunirudishia kila kitu endapo ningetanguliza ada. Hao niliwapuuza.

Mzizima

Ndugu Pwani Moja, hapo pana jambo la kuangalia kwa makini. Tovuti nyingi za upatanishi huishi kwa kamisheni ya kasino hizo hizo zinazozipa alama, na hata zenye heshima hazina amri ya kisheria. Silaha yao ni aibu, na kasino isiyo na jina la kulinda haiaibiki.

Kigamboni Ughaibuni (Montreal)

Mimi nakumbusha kwamba wakati mwingine mlinzi ni wachezaji wenyewe. Mwaka 2007 nilikuwa nikifuatilia sana poka ya mtandaoni, na mjadala mkubwa ulihusu tovuti ya Absolute Poker, ambako mchezaji mmoja alikuwa akicheza kana kwamba anaona karata za wenzake. Mshiriki aliyeshindwa naye katika fainali aliomba kumbukumbu za shindano, kampuni ikamtumia faili kubwa iliyokuwa na karata za wote mezani. Wenzake walilichambua faili hilo mstari kwa mstari hadi wakaonyesha kwamba akaunti ya mtazamaji, iliyokuwa ikiona karata zote, iliunganishwa na watu wa ndani. Mdhibiti, Tume ya Michezo ya Kahnawake, ambayo iko jirani kabisa na hapa Montreal, aliitoza kampuni faini ya dola 500,000 mwezi Januari 2008. Bila ukaidi wa wale wachezaji, sioni ni nani angeanza kuuliza.

Mama Wawili (Birmingham)

Yangu haihusu kulipwa. Mdogo wangu alijiandikisha Gamstop, mpango wa bure unaomfungia mtu nje ya kasino zote za mtandaoni zenye leseni ya Uingereza kwa miezi sita, mwaka mmoja au miaka mitano. Tangu tarehe 31 Machi 2020 kampuni hizo zote zinalazimika kuwamo. Kizuizi kilifanya kazi. Tatizo ni kwamba zipo kasino zinazojitangaza waziwazi kuwa hazimo Gamstop, zikimlenga mtu ambaye ndiyo kwanza ameomba msaada, na kwa hao hakuna msuluhishi atakayemsikiliza. Ilibidi tuombe pia benki izuie malipo ya kamari katika kadi yake.

Mzizima

Ahsante, dada. Kizuizi cha benki kinafaa kwa sababu hakitegemei kasino kuwa na leseni. Ambao wamewahi kushughulikiwa na mdhibiti wa Malta, tafadhali tuelezeni walivyopokea malalamiko yenu na vielelezo walivyodai, kwa kuwa kasino nyingi zinazowafikia wasomaji wetu wa Ulaya zinaonyesha leseni ya huko.